Hip-hop darasani: mpe mwanafunzi kalamu kabla ya spika

Walimu wanaoniuliza kuhusu hip-hop darasani mara nyingi huanza na ombi moja: niwatafutie nyimbo. Wanataka wimbo wa mzunguko wa maji, wimbo wa nyakati za vitenzi, wimbo wa jedwali la elementi, waupige dakika tatu mwanzoni mwa kipindi kisha waendelee na somo kama kawaida. Nyimbo hizo zipo na hazina madhara, ila faida yake ni ndogo kuliko wanavyotarajia. Mwanafunzi atakariri kiitikio hadi akiimbe njiani anaporudi nyumbani. Halafu umuulize maji yanapandaje kutoka mizizini hadi kwenye jani, na jibu lake litakuwa kiitikio kilekile.

Kazi yangu ni kuwanoa walimu tarajali, na katika mada hii nina msimamo ambao siufichi. Mistari ya mtu mwingine humsaidia mwanafunzi kukumbuka maneno, ilhali mistari anayoitunga mwenyewe humlazimisha kuyachagua. Kwenye kuchagua ndiko tunakomwona ameelewa nini.

Acha nionyeshe kwa mfano, maana bila mfano maneno haya ni hewa tu. Tuseme mada ni usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa nuru. Ubeti huu nimeutunga mimi, nikifuata njia ambayo wanafunzi huipita sana:

Nuru ishuke janini, klorofili huinasa,
Maji yapande shinani, mizizi huyapapasa,
Kaboni toka hewani, huingia papo sasa,
Sukari iko jikoni, mmea haujakosa.

Aliyesoma ushairi ameshalitambua umbo hili: mizani (silabi) nane na nane, kina cha kati na kina cha mwisho. Sikulichagua kwa ajili ya kuipamba hip-hop na mapokeo. Nimelichagua kwa sababu ya hesabu. Biti ya kawaida ya hip-hop huenda kwa midundo minne minne, na kila mdundo hugawanyika vipande vinne, kwa hiyo kipimo kimoja kina nafasi 16. Mshororo wetu una mizani 16. Biti ikienda kwa midundo 90 kwa dakika, kipimo kimoja hudumu chini kidogo ya sekunde tatu, na kukijaza kwa silabi 16 ni kutamka silabi sita kila sekunde. Rapa mzoefu ataweza. Anayeanza ataumauma ulimi. Kwa hiyo mshororo ugawe: ukwapi, yaani nusu ya kwanza, kipimo cha kwanza, na utao, nusu ya pili, kipimo cha pili, silabi mbili kwa kila mdundo. Hapo hata mwanafunzi asiyewahi kuchana, yaani kurapu, anaingia, na kina cha kati kinatua mahali ambapo sikio linakisubiri.

Sasa rudi kwenye ubeti usome kama mwalimu wa sayansi. Mshororo wa tatu una kasoro. Mmea hauchukui kaboni tupu hewani, huchukua kaboni dayoksaidi. Mtunzi kafupisha kwa sababu jina lote lilikuwa refu mno na lingevunja kina cha kati. Kwenye mtihani wa kuandika kosa kama hili lingepigwa mstari mwekundu na kusahaulika. Kwenye ubeti linakuwa tatizo la kiufundi ambalo kundi zima linataka kulitatua, kwa sababu hakuna anayekubali mstari mbovu mbele ya wenzake. Wakihesabu wanagundua kwamba "kaboni dayoksaidi" ni mizani nane kamili, utao mzima. Basi ihamishiwe upande wa pili, na vina vya mwisho vyote vibadilike:

Nuru ishuke janini, klorofili ifaidi,
Maji yapande shinani, mizizi haina budi,
Jani livute hewani, kaboni dayoksaidi,
Sukari iive ndani, na hewa safi izidi.

Ili kufika hapa, mtu amelazimika kuamua nini kinaingia, nini kinatoka, na nani anafanya kazi gani. "Jani livute hewani" kunazua swali lingine, jani linavuta kwa kutumia nini, na hapo unawafikisha kwenye stomata, vile vitundu vidogo vya jani, bila kuandika neno hilo ubaoni kwanza. "Hewa safi" nayo ni ya kubishaniwa. Hewa safi si oksijeni, na anayesema "lakini watu wanajua tunamaanisha nini" ameshaanzisha mjadala mzuri kuhusu lugha ya mtaani na lugha ya maabara. Ningeuacha mshororo huo hivyohivyo ili waukamate wenyewe.

Kuna jambo la sikio pia, na walimu wa Kiswahili hulifurahia. Katika shairi la jadi, budi na ifaidi vina kina kimoja: di kwa di, imetosha. Juu ya biti, hazilingani vizuri. Mkazo wa maneno yetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na mdundo mzito huangukia palepale, kwa hiyo sikio linasikia silabi mbili za mwisho pamoja: faidi, saidi, zidi, halafu ghafla budi. Waulize darasa ni neno gani limejitenga na watalitaja kabla hujamaliza swali. Dawa yake ni "mizizi ijitahidi", ambayo ni mizani nane na inamaliza kwa -idi. Umefundisha mkazo, silabi na tofauti ya kina cha macho na kina cha masikio, na wao wanadhani bado mko kwenye mmea.

Wazo hili halikuanza juzi. Mwaka 1995 Gloria Ladson-Billings, mtafiti wa elimu wa Marekani, aliandika kuhusu ufundishaji unaojikita katika utamaduni wa mwanafunzi, akataja mambo matatu yasiyotenganishwa: mwanafunzi afaulu kitaaluma, abaki na utamaduni wake, na ajifunze kuihoji jamii anamoishi. Wengi waliochukua wazo lake walibeba la pili tu. Wakaweka muziki, wakabandika picha ya rapa ukutani, wakaacha kufaulu na kuhoji. Christopher Emdin, alipokuwa akifundisha Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, alilirudisha kwenye kazi halisi: akishirikiana na rapa GZA wa kundi la Wu-Tang Clan, mwaka 2013 waliwafanya wanafunzi wa shule kumi za umma za New York watunge na kushindana kwa mistari ya sayansi. Walioshindana ni wanafunzi, na walishindana kwa maandishi yao wenyewe.

Na kwa wale wanaoona hip-hop na shule ni maji na mafuta: ile sherehe ya tarehe 11 Agosti 1973 huko Bronx, New York, ambako DJ Kool Herc alipiga santuri na ambayo huhesabiwa kuwa mwanzo wa hip-hop, iliandaliwa na dada yake, Cindy Campbell, aliyetaka kupata pesa za kununua nguo za shule.

Kwenye historia chombo kinachofaa zaidi ni mpambano, yaani wawili kujibizana kwa mistari. Chukua Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885. Mwanafunzi mmoja awe mjumbe wa dola ya Ulaya, mwingine awe mtawala wa Afrika ambaye hakualikwa, kwa maana hakuna hata mmoja aliyealikwa. Mjumbe atatetea biashara huru katika bonde la Kongo na uhuru wa vyombo kusafiri katika mito ya Kongo na Niger, na atajifunika kauli za kukomesha utumwa, kwa kuwa hivyo ndivyo walivyosema mezani. Mtawala amjibu hoja kwa hoja. Kanuni yangu kwenye mpambano ni moja na haina huruma: kila ubeti ubebe tukio au hoja inayoweza kuthibitishwa kwenye kitabu, na ubeti wa pili lazima uguse kilichosemwa kwenye wa kwanza. Bila kanuni hiyo mpambano unageuka kuwa matusi kuhusu viatu na sura. Matusi kwa mtu hayaruhusiwi kabisa, hata yakiwa na vina vitamu. Nakiri huwa yanachekesha.

Hesabu? Hapo sishawishiki sana. Jinsi ya kutatua mlinganyo ni jambo la mkono na karatasi, na kulitungia mistari mara nyingi huzaa orodha ya hatua zilizovikwa vina. Labda kwa msamiati wa jometri. Zaidi ya hapo, tumia muda huo kufanya maswali.

Mambo machache ya vitendo, kwa kuwa nayo ndiyo huvuruga vipindi.

Biti iwe haina maneno. Muziki wenye maneno huvuruga usomaji na uandishi, kwa sababu akili haiwezi kuchambua sentensi mbili kwa pamoja, na hilo limechunguzwa mara nyingi. Wakati wa kutunga, ni bora kusiwe na muziki kabisa, mkono mezani unatosha kuhesabu. Biti ije baadaye, kwenye mazoezi.

Mwalimu asijifanye kijana. Wanafunzi wanaunusa uigaji kabla hujafungua mdomo. Kama hujui kuchana, sema hujui, kisha waulize wao mstari unakaaje kwenye biti. Wewe unashika ukweli wa somo, wao wanashika mtiririko, na mgawanyo huo unaheshimika pande zote mbili. Wapo wasiopenda hip-hop, na wapo waoga wa kusimama mbele ya watu. Hao wape kazi zenye uzito sawa: mhariri wa vina, mpiga mdundo, na kazi ninayoithamini kupita zote, mkaguzi wa ukweli, ambaye ana ruhusa ya kusimamisha wimbo na kusema "hapo si kweli, thibitisha".

Kuhusu nyimbo zilizorekodiwa, usiwaletee wimbo ambao hujausikiliza hadi mwisho. Baadhi zimejaa matusi na dharau kwa wanawake. Wapo wanaoona suluhisho ni kupiga toleo lililofutwa maneno hayo. Mimi napendelea kuchagua wimbo mwingine, au kwa wakubwa, kuyachapa mashairi yenyewe karatasini na kuyachambua kama matini nyingine yoyote: nani anasema, anamwambia nani, anamficha nani. Ila usianze na hilo kama darasa bado halijazoea kubishana kwa adabu.

Linalobaki ni alama, na hapa ndipo nimeona kazi nzuri ikipotea. Mwalimu anavutiwa na sauti, na mwenye ulimi mwepesi anapata tisa kati ya kumi kwa mistari isiyosema lolote, huku aliyeng'ang'ana na jina refu la kemikali mpaka likakaa anapata tano kwa sababu alitetemeka. Mimi hugawa hivi: ukweli wa somo nusu ya alama, ufundi wa vina na mizani robo, na robo ya mwisho ni aya ya nathari. Kila mwanafunzi, baada ya kuchana, anakaa peke yake na kueleza ubeti wa kundi lake kwa sentensi za kawaida, bila kina, bila biti, bila kutazama daftari la mwenzake. Aya hiyo ndiyo naisoma kwanza. Ikisema mmea unavuta kaboni, tunarudi mshororo wa tatu.