Njia ya kijani kando ya mto wa kazi: tuanze na tishali, benchi zitafuata

Karibu kila mchoro wa njia ya kijani unaoletwa kwenye mkutano wa hadhara unafanana na mwenzake. Kuna mama anasukuma kitoroli cha mtoto, mzee ameketi kwenye benchi, kijana na baiskeli yake, miti iliyokwisha kukua, na mto umetulia tuli. Kinachokosekana ni tishali, yaani chombo bapa cha kubebea mizigo majini. Hakuna kreni, hakuna rundo la kokoto, hakuna lori linalorudi nyuma huku likilia. Mchoraji ameufuta mto akabakiza maji.

Mimi ni mpangaji wa miji, na michoro ya namna hiyo hupita mezani kwangu mara kwa mara. Nawaandikia wananchi wanaoitwa kutoa maoni, kwa sababu wengi huulizwa maswali madogo (benchi za mbao au za chuma? miti ya kivuli au ya maua?) wakati yale makubwa yamekwisha jibiwa na mtu mwingine.

Njia ya kijani ni ukanda mrefu wa ardhi ya umma wenye njia ya miguu na baiskeli, mimea, na sehemu za kupumzika, unaounganisha mtaa mmoja na mwingine. Kando ya mto usio na shughuli, ugumu wake ni wa kawaida: fidia, mafuriko, bajeti. Kando ya mto wa kazi, yaani mto wenye magati, matangi ya mafuta, karakana za boti na yadi za vyuma chakavu, kuna jambo lazima lijulikane kabla ya yote. Nani yuko pale tayari, na kwa nini anayahitaji maji?

Maana si kila kiwanda cha kando ya mto kinauhitaji mto. Wengine walifika tu zamani ardhi ilipokuwa rahisi. Ghala la nguo linaweza kuhamia popote na lisipungukiwe. Lakini anayepokea mchanga, saruji, chumvi au mafuta kwa chombo cha majini hana pengine pa kwenda. Tishali moja la shehena kavu katika mito ya Marekani hubeba kama tani 1,360. Lori kubwa la masafa hubeba tani ishirini na kitu. Piga hesabu mwenyewe: ukiliondoa tishali moja mtoni umeingiza malori zaidi ya 50 barabarani, na malori hayo yatapita kwenye mitaa ileile ambayo njia ya kijani ilikusudiwa kuipa nafuu. Na gati likishajengwa fleti, halirudi tena kuwa gati. Sijaona pahali liliporudi.

London wameishi na jambo hili kwa muda. Njia ya Thames Path, iliyofunguliwa rasmi mwaka 1996, inaufuata mto kwa kilomita zipatazo 296. Wakati huohuo, tangu miaka ya 1990, serikali imeweka amri ya kuyalinda magati kadhaa ya mto huo yasigeuzwe matumizi mengine bila ruhusa ya juu. Leo ni kama 50. Matokeo yake ni njia ambayo katika sehemu kadhaa za mji inauacha mto, inazunguka nyuma ya ukuta wa gati, inapita kwenye barabara isiyo na uzuri wowote, kisha inarudi majini. Watalii hulalamika. Mimi naiona ni njia yenye adabu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi. Wanapenda neno "endelevu" kwa maana ya njia isiyokatika hata hatua moja, kama vile pengo lolote ni aibu ya mpangaji. Kando ya mto wa kazi, pengo lililopangwa vizuri ni bora kuliko mwendelezo uliolazimishwa. Lenye kuudhi ni pengo lisilo na maelezo: unatembea, unakuta uzio, unageuka, hujui pa kutokea. Lakini njia inayoanza kupinda mita mia kabla ya gati, ikakupa alama, kivuli na kivuko salama, haimpotezi mtu. Oregon, nchini Marekani, sheria ya ukanda wa kijani wa mto Willamette iliwalazimisha wapangaji wa Portland kuugawa ukingo kwa tabia yake: kuna sehemu za asili, kuna za burudani, na kuna sehemu zilizotengwa kwa viwanda vinavyotegemea mto. Ukingo mmoja, kanuni tofauti. Na penye ukosefu wa ardhi kabisa, barabara kuu ikiwa imebanana na maji, Portland hiyohiyo waliweka njia juu ya maji: sehemu ya Eastbank Esplanade iliyokamilika mwaka 2001 inaelea, mita zipatazo 365, ikipanda na kushuka pamoja na mto. Ni suluhisho zuri, ila lina sharti lake. Maji yakipungua, daraja la kushukia kwenye sehemu inayoelea huwa na mteremko mkali, na mwenye kiti cha magurudumu asiyeshindwa na mwinuko wa 1 kwa 20 (kupanda mita moja kwa kila mita 20) anaweza kushindwa pale. Mpimaji anayepima siku ya maji kujaa pekee atakuletea hesabu tamu isiyo kweli.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Chelsea, mji mdogo uliopakana na Boston, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Kijito chake, Chelsea Creek, si kirefu, lakini kimebeba mzigo wa eneo zima: mafuta ya ndege za uwanja wa Logan hukaa kwenye matangi ya kando yake, na chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani hushushwa hapo kwa meli na kurundikwa kama mlima. Wakazi waliishi nyuma ya uzio wa mlima huo, mto wakiusikia bila kuuona. Sheria ya Massachusetts iliyotenga maeneo maalumu ya bandari mwaka 1978 hairuhusu ukingo wa namna hiyo kufanywa nyumba za kifahari au bustani tupu. Kwa hiyo wakazi, mji na wenye chumvi wakakaa kutafuta kitu cha katikati.

Walichokipata kinaitwa PORT Park, kilifunguliwa mwaka 2014 mahali palipokuwa na matangi ya mafuta. Angalia jinsi kinavyofanya kazi. Wakati wa baridi chumvi inahitajika, meli zinashusha, rundo linatanuka na kuchukua eneo lake lote. Ikifika kiangazi rundo limeliwa na barabara za majira yaliyopita, na sehemu ya sakafu iliyobaki wazi inakuwa uwanja wa michezo. Watoto wanacheza mpira wa kikapu mahali ambapo miezi michache nyuma palikuwa na chumvi ya kumfunika mtu. Baridi ikirudi, chumvi nayo inarudi. Hakuna aliyefukuzwa. Mpangaji aliyebuni hilo hakuanza na ramani. Alianza na kalenda ya mwenye chumvi.

Ndiyo maana mimi huwapa maafisa wapya kazi moja kabla ya kushika kalamu: kaeni gatini kuanzia saa kumi alfajiri hadi giza liingie, maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamekupwa. Andikeni kinachopita. Wanarudi na mambo ambayo hayamo kwenye ramani yoyote. Kwamba lori la kokoto likigeuka hutanua kuliko lango lenyewe, na dereva hamwoni mtu aliye upande wa pili wa kichwa cha gari. Kwamba wavuvi wa usiku tayari wana kinjia chao chini ya daraja. Kwamba kamba ya kufungia meli, ikiwa imevutwa kwa nguvu kisha ikakatika, hurudi nyuma kama mjeledi, na mabaharia wazoefu hawasimami kamwe kwenye mstari wake. Huyo mpita njia aliyesimama kupiga picha, je, anajua mstari uko wapi? Hajui. Basi njia isipite hapo, na kibao cha "hatari" hakitoshi.

Jambo la taa nalo hujifunzwa hivyo hivyo. Usiku nahodha hutambua vyombo vingine kwa taa: nyekundu upande wa kushoto wa chombo, kijani upande wa kulia. Taa za mapambo za rangi hizo kandokando ya njia, au taa nyeupe kali zinazomulika majini, humchanganya. Taa za njia ya kijani kando ya mto wa kazi ziwe fupi, zimefunikwa upande wa maji, ziangaze miguu ya mtembeaji tu. Pia yapo magati ambayo mwananchi haruhusiwi kuyakaribia kabisa: tangu Julai 2004, kanuni za kimataifa za usalama wa meli na bandari zinayataka magati yanayopokea meli za kimataifa yadhibiti nani anaingia. Mpangaji asiyelijua hilo atachora njia, ataisifia, na siku moja kabla ya uzinduzi ataambiwa ajenge uzio.

Sasa udongo. Ukingo uliofanya kazi miaka mia huwa na kumbukumbu chini yake: madini ya risasi, mafuta mazito, na kemikali za PCB zilizotumika zamani kwenye transfoma. Kilomita 8 za chini za mto Duwamish, Seattle, ziliingizwa mwaka 2001 kwenye orodha ya kitaifa ya Marekani ya maeneo ya kusafishwa kwa sababu ya mashapo yenye sumu za aina hiyo. Njia ya kawaida ya kutengeneza ukingo kama huo ni kufunika: kinatandazwa kitambaa cha rangi kali, mara nyingi chungwa, kisha udongo safi juu yake, ili atakayechimba miaka thelathini baadaye akikutana na rangi hiyo ajue asimame. Hii ina maana kwamba mti mkubwa haupandwi popote, kwa kuwa mizizi hutoboa kifuniko. Wananchi hukasirika wakiona vichaka mahali walipoahidiwa miti. Wangeambiwa mapema kuhusu kitambaa, wasingekasirika.

Duwamish inafundisha jingine. Samaki wakaao mtoni humo, pamoja na kaa na chaza, watu wameonywa wasile. Samoni anayepita tu akielekea baharini au akirudi ni salama zaidi kuliwa. Ukifungua njia nzuri hadi majini, watu watavua, na wengi wao ni familia zilizohamia kutoka nchi ambako mto ni jiko. Onyo lililoandikwa kwa lugha moja kwenye kibao kimoja halijamwonya mtu. Liandikwe kwa lugha zinazosemwa pale, na lieleze samaki yupi aliwe na yupi asiliwe, kwa sababu mvuvi akiambiwa tu "usile" atafunga ndoana yake na kuendelea.

Kuhusu kodi za nyumba kupanda baada ya njia kufunguliwa, nitasema kwa ufupi kwa kuwa limeandikwa sana. Kando ya Newtown Creek, New York, njia fupi ya kutembea ilifunguliwa mwaka 2007 ubavuni mwa mtambo wa kusafisha majitaka, ngazi zake zikishuka hadi majini. Watafiti waliouchunguza mtaa huo wakaja na wazo la "kijani cha kutosha tu": safisha sumu, fungua mto, bakiza viwanda na kazi zake, na usijenge pambo la kuwavuta wanunuzi wa fleti. Silo za kiwanda cha zege (minara ya kuhifadhia malighafi yake) zilizobakizwa kwenye bustani ya Concrete Plant Park, kando ya mto Bronx, hukohuko New York, zinapendeza, nami nimezisifia mbele ya watu. Lakini silo tupu haimlipi mtu mshahara. Tukibakiza magamba ya kazi na kuifukuza kazi yenyewe, tumejenga makumbusho.

Tunabaki na lango. Penye gati dogo ambako chombo hufika mara chache kwa wiki, njia inaweza kupita ndani ya gati lenyewe, ikafungwa kwa saa chache wakati wa kushusha mzigo na kufunguliwa tena. Mpango wa namna hiyo ni wa bei nafuu na watu huuzoea upesi, mradi saa za kufunga zibandikwe na njia ya kuzunguka iwepo. Unavunjika kwa sababu ndogo. Kokoto zimemwagika njiani, mwenye gati anasema kufagia ni kazi ya mji, mji unasema ni kazi yake, baiskeli zinateleza. Wiki ya pili mtu anaamua ni rahisi zaidi lango likae limefungwa. Nimesoma makubaliano ya kurasa nyingi yaliyotaja hata unene wa lami na aina ya nyasi, yasiyosema popote ufunguo wa lango unakaa kwa nani.