Yai la roleksi halina kosa

Malalamiko ya matumbo kuharibika baada ya kula roleksi, yaani chapati iliyoviringwa na mayai ya kukaanga, hayaishi katika ofisi za afya, na kila mara anayeshtakiwa ni yai. Tuelewane. Yai moja kubwa lina gramu 6 hivi za protini na kalori zipatazo 70, mbali na vitamini A na B12. Kijiko kikubwa cha mafuta peke yake kina kalori 120. Nyumbani kijiko cha chai kinatosha, moto uwe wa wastani, ute ushikane na kiini kigande. Mafuta ya kupikia nchini Uganda huongezwa vitamini A kwa mujibu wa sheria, lakini yakirudiwa motoni mpaka yakawa meusi, vitamini hiyo hupungua sana.

Shida ni kikombe. Muuzaji anavunja mayai mawili katika kikombe cha plastiki, anatia kitunguu, kabichi na chumvi, anakoroga kwa uma, anamwaga kwenye bamba. Kikombe hakioshwi. Ute uliobaki unamngoja mteja mwingine, tangu alfajiri mpaka jua la utosi. Kisha vidole vilivyovunja mayai vinapanga nyanya mbichi juu ya chapati. Bakteria wa salmonela hawahimili nyuzi joto 71, lakini nyanya hiyo haipiti motoni.

Tena tumeshasema, na tunarudia: rangi ya kiini hutokana na chakula cha kuku; kiini chekundu si dawa ya nguvu. Yai bichi mwili haulifaidi kama lililopikwa. Na mtoto wa miezi sita akipewa yai lililoiva vizuri hatachelewa kusema. Yanayosemwa kinyume ni ya kijiweni.

Kwa wauzaji: anayeshika chakula cha kuuza hupimwa afya na kupewa cheti. Cheti ni cha mtu, si cha kibanda. Ndugu yako akikushikia zamu, naye awe na chake. Kikiisha muda, unapimwa upya kabla ya kuhuishiwa. Mkaguzi ana mamlaka ya kutaifisha chakula kisichofaa, na shauri laweza kufika mahakamani. Ada hulipwa benki au kwa simu, nawe ubaki na stakabadhi. Usimpe mkaguzi fedha mkononi, hata akisema ana haraka.