Askari aliyefia utekwani: yanayosemwa na ukweli wake

Kila Februari, Tarehe Sita, siku ya jeshi la Uganda, ikikaribia, majina ya askari waliokufa hutajwa tena. Aliyefia mikononi mwa adui hutajwa kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna aibu.

"Alisalimu amri, basi hahesabiwi na mashujaa." Si kweli. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, inayotunza makaburi ya vita pale Jinja, kwa Vita vya Pili vya Dunia humhesabu kila aliyekufa akiwa katika majeshi ya Jumuiya kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947: wa risasi, wa malaria, wa kambi ya mateka. Kutekwa hakumwachishi mtu jeshi. Na wengi hutekwa wakiwa majeruhi au risasi zimewaishia.

"Mateka akifa, hufukiwa tu." Huenda ikatokea, lakini ni kuvunja sheria. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949, unaohusu mateka wa vita, ambao Uganda iliuridhia 1964, unataka cheti cha kifo chenye tarehe, mahali, sababu na kaburi lilipo. Wosia wake upelekwe kwao. Azikwe kwa heshima, kwa taratibu za dini yake inapowezekana. Akiuawa na mlinzi, uchunguzi ufanywe.

"Mkataba huo wote unamlinda hata aliyeshikwa na Al-Shabaab." Hapana, na hili huwachanganya hata wasomi. Hadhi ya mateka wa vita ni ya vita baina ya mataifa. Buulo Mareer, Somalia, 26 Mei 2023, ambako Rais Museveni alisema askari 54 waliuawa, adui alikuwa kundi, si taifa. Hapo kinachobaki ni kifungu cha 3 cha mkataba huo: aliyeshikwa asiuawe, asiteswe. Kundi halikutia saini, ila linabanwa vilevile.

"Hakuna maiti, hakuna matanga." Waislamu wa madhehebu ya Shafii wana sala ya ghaibu, ya kumsalia maiti asiyekuwepo, madhali kifo kimethibitika. Huko Taukkyan, Myanmar, yameandikwa majina karibu 27,000 ya wasio na kaburi, wakiwemo Keya (King's African Rifles) wa Afrika Mashariki.

"Jina halimo, basi hakufia vitani." Mwaka 2021 tume hiyohiyo ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 wa Vita vya Kwanza, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Orodha bado hupokea majina mapya. Kinachotakiwa ni ushahidi wa utumishi na wa kifo, kwa hiyo ile barua ya jeshi au kitabu cha mshahara kilichomo sandukuni kwa bibi kisichomwe na takataka.