Daladala ilizaliwa kwenye pengo la UDA

Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, lilianzishwa mwaka 1974. Wenye umri wao wanayakumbuka mabasi ya Ikarus kutoka Hungaria, yale marefu yenye kiungo katikati, yaliyobatizwa kumbakumba. Na yalikumba kweli! Kilichoyaangusha ni spea. Baada ya vita vya Kagera fedha za kigeni ziliadimika, na basi likiharibika lilikaa gereji. Abiria vituoni walizidi kuongezeka.

Pengo hilo lilizibwa na wenye magari binafsi, mengine ya mizigo yaliyofungwa mabenchi. Watu walikaa wakitazamana, magoti yakigusana: magari hayo yakaitwa chai maharage. Yalianza kwa kuviziana na polisi, hadi mwaka 1983 Serikali ilipoyaruhusu. Nauli ilikuwa shilingi 5, sarafu iliyoitwa dala, na jina la daladala likakaa.

Kwa kero za daladala wengi hulaumu ulimi wa konda, lakini kiini ni hesabu. Dereva humpelekea mwenye gari kiasi maalumu kila siku. Kinachobaki baada ya mafuta ndicho chake na konda. Kwa mpango huo, kukatisha ruti foleni ikizidi, kumkwepa mwanafunzi wa nusu nauli na kusubiri gari lijae ni mambo ya faida, si ya tabia tu. Abiria naye amejifunza: jioni hupanda gari linaloingia mjini, akageuza nalo, akalipa mara mbili ili apate siti.

Vipanya, yale mabasi madogo ya miaka ya 1990, vilibadilisha umbo la gari, hesabu ikabaki ileile. Mwendokasi, mradi wa mabasi yaendayo haraka ulioanza Mei 2016 kwa njia ya kilomita 20.9 kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, uligusa kitu kingine: barabara yenyewe. Basi moja refu hubeba watu zaidi ya 100 katika njia isiyoingiliwa na magari mengine, walau kwa kanuni. Ila njia bila mabasi ya kutosha ni lami tupu, na abiria wa Kimara aliyebanwa mlangoni saa 12 asubuhi hahitaji kuelezwa.

Na akirudi jioni, akishuka Kimara Mwisho, nyumbani kwake Bonyokwa bado ni mbali. Bajaji zimejipanga pale pale, dereva akiita: "Mmoja tu, tunaondoka!"