Kinyama cha jicho kikishakatwa hupelekwa wapi?

Wengi huja kliniki wakisema wana mtoto wa jicho, kumbe wanachotuonyesha ni kinyama kilichoota juu ya weupe. Mtoto wa jicho hukaa ndani, kwenye lenzi, na si saratani. Kinyama cha juu mara nyingi huletwa na jua na vumbi, wala hakiui mtu. Ila hapa Uganda baadhi yake ni saratani ya utando wa jicho, ugonjwa ambao madaktari wa Ulaya huuona kwa nadra.

Kwetu ugonjwa huo una marafiki wawili: jua la ikweta na VVU. Miaka ya 1990 madaktari wa Kampala waliona wagonjwa wakiongezeka, tena vijana. Wapo waliojua wana VVU kwa sababu ya jicho tu. Ndiyo maana tukikuomba upime damu, usidhani tunakushuku tabia.

Saratani hii huanzia pale weupe unapokutana na weusi wa jicho, zaidi upande wa pua. Kinyama chake huweza kuwa na utando mweupe, madoa ya kahawia, au mishipa minene ya damu inayokielekea. Lakini nikiri: hata daktari mzoefu akitazama tu hudanganyika. Hukumu ni ya maabara. Kwa hiyo ukikatwa kinyama, popote pale, uliza kama kimetiwa kwenye kikopo chenye dawa, kimeandikwa jina lako, na majibu yatatoka lini. Kinyama kilichotupwa kwenye ndoo hakisemi kitu.

Kikiwa bado kidogo, hukatwa kwa ganzi pamoja na ukingo wa nyama nzima kukizunguka, nawe unarudi nyumbani na jicho lako. Kikishazama ndani, hutulazimu kuliondoa jicho lenyewe. Dawa za majani za kutia jichoni hula miezi ambayo ingeliokoa jicho.

Tatizo ni kwamba kinyama cha saratani hurudi. Utafiti uliofanyika Kenya na kuchapishwa 2016 uliwapa wagonjwa matone ya fluorourasili, dawa ya kuua seli za saratani, mara nne kwa siku, wiki nne, baada ya upasuaji. Kufikia mwaka mmoja, kilikuwa kimerudi kwa 5 kati ya 47. Kwa waliopewa matone yasiyo na dawa, 17 kati ya 47. Matone ya fluorourasili huwasha na kutoa machozi. Yakikuwasha, rudi utuambie, usiyaache kimyakimya.