Kilipuzi chenye nguvu si lazima kiwe chepesi kulipuka

Wengi huamini kwamba kadiri kilipuzi kinavyokuwa na nguvu, ndivyo kinavyolipuka kwa kugongwa kidogo. Sivyo. Kilipuzi kiitwacho TATB kina nguvu kuliko kile cha TNT, lakini huhitaji pigo kubwa zaidi ili kilipuke. Sababu kubwa imo kwenye fuwele ya TATB: molekuli zake zimelala tabaka juu ya tabaka, na tabaka hizo huteleza. Kwa kompyuta, wanakemia hukokotoa jinsi mitetemo ya fuwele nzima inavyohamia ndani ya molekuli hadi kukata vifungo vinavyoshikanisha atomi. Kukokotoa uimara wa kifungo peke yake hakutoshi: kilipuzi kingine, HMX, kina maumbo ya fuwele yaitwayo beta na delta, yenye molekuli ileile, ila delta hulipuka kwa wepesi zaidi. Tahadhari moja: hesabu nyingi huchukulia fuwele isiyo na dosari, ilhali vishimo, nyufa na ukubwa wa chembe hubadilisha matokeo ya jaribio la kugonga kilipuzi kwa nyundo maabarani.