Nani kawaambia mwanakijiji hamtaki Shakespeare?

Kila nikiitwa kwenye kikao cha mradi wa sanaa vijijini, hakosi mtu wa kuniambia, "Mwalimu, hawa ni watu wa kijijini, tuwape kitu chepesi." Maana yake igizo fupi lenye mlevi mmoja, mganga mmoja na nesi wa kuhutubia habari za vyandarua. Kisha fulana zigawiwe, picha zipigwe, ripoti iandikwe.

Haya, someni habari za K. V. Subbanna, mwandishi na mfasiri wa tamthilia wa Heggodu, kijiji cha wakulima wa popoo (ndiyo, hii hii ya kwenye tambuu) wilayani Shivamogga, jimbo la Karnataka, India. Kikundi chake cha maigizo, Ninasam, kilianza pale mwaka 1949, cha ridhaa tu. Chuo cha maigizo kikaja 1980, na tuzo ya Magsaysay, tuzo kubwa ya barani Asia, Subbanna akaipata 1991. Tuyaache hayo.

Nataka mlitazame kundi lao la kuzunguka, Tirugata, lililoanza 1985. Wasanii wanafanya mazoezi mpaka kazi ikomae, wanapakia taa, maleba na mapambo ya jukwaa, halafu msimu mzima wako njiani, leo mji huu, kesho ule. Wanachocheza ni Shakespeare, Brecht yule Mjerumani, Kalidasa mshairi wa kale wa India, na waandishi wao wenyewe, vyote kwa Kikannada, lugha ya jimbo lao. Kikannada hicho kinamsogeza Brecht karibu na mkulima; hakimpunguzii Brecht akili. Watu wangu wa vikao huchanganya mambo hayo mawili kila siku, nami huishiwa subira.

Jingine: wenyeji wa kila kituo ndio wanaolialika kundi na kubeba shughuli ya onyesho. Hadhira iliyojitafutia onyesho lake ina haki ya kununa, kuzomea na kuondoka. Hadhira iliyokusanywa na mwenyekiti wa kijiji itapiga makofi hata kwa upuuzi, maana inangoja soda. Mwongozaji atajuaje kuwa tendo la pili limedorora?

Lakini wasiwasi ninao. Subbanna hakuanzia kwenye uwanja mtupu. Eneo lile lina yakshagana, maigizo ya ngoma na nyimbo yanayokesha hadi alfajiri na visa vya Mahabharata, utenzi mkuu wa kale wa India, kwa hiyo watu walikwisha kuzoea kukaa na kitu kizito. Popoo nayo ni zao la fedha, na Subbanna alitoka familia ya Kibrahmin, tabaka la juu la Wahindu, yenye shamba. Tena miaka ya 1980 Ford Foundation, shirika la ufadhili la Marekani, iliwapa ruzuku. Ukiondoa yakshagana, shamba na ruzuku, Ninasam ingesimama? Wenzangu wanaomsifu hulikwepa swali hili. Mimi nadhani ingesimama, ila ingekuwa ndogo zaidi, na pengine chuo kisingekuwapo.